UZI: Ziara ya masomo Quanzhou, China. Mji wa bandari wenye historia ya pwani yetu, na chakula chake

Mwanabahari wa Fujian (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Vijana wetu wengi wanasoma China siku hizi. Chuo kikitoa nafasi ya kuchagua ziara ya masomo, kura karibu zote zinaenda Shanghai au Beijing. Mimi nakuja kupigia debe mji mwingine kabisa, Quanzhou, ulioko mkoa wa Fujian, ng'ambo ya Taiwan. Sijaona mji mwingine China ambao Mswahili akitembea mitaani anakutana na mambo yanayomhusu yeye na kwao namna hii. Nasoma mambo ya bahari Xiamen, na kutoka hapa kwa treni ya mwendokasi ni nusu saa hivi. Darasa letu limetoka huko karibuni na bado sijatulia.

Kwanza mji wenyewe. Enzi za Song na Yuan, yaani kati ya karne ya 10 na ya 14, Quanzhou ilikuwa moja ya bandari kubwa kabisa duniani. Waarabu na Waajemi waliiita Zaitun. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alishuka hapa miaka ya 1340 na akaeleza kwamba aliona merikebu kubwa kama mia moja bandarini, na ndogo zisizo na idadi. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza maeneo 22 ya mji huu na viunga vyake kwenye orodha ya Urithi wa Dunia: msikiti, mahekalu, madaraja, tanuri za kauri, mabaki ya lango la mji.

Sasa nieleze ziara ilivyopangwa, maana hapo ndipo penye somo. Laoshi wetu (ndivyo tunavyowaita walimu huku) aligawa darasa makundi, na kila kundi akalipa jengo moja na chakula kimoja. Kwa jengo, swali lilikuwa: nani alilipia na alitoka wapi? Kwa chakula: kila kilichomo kwenye sahani kilifikaje hapa? Jibu la kutoa kwenye simu lilikuwa haramu. Ulitakiwa umuulize mtu, au usome kibao na jiwe lenyewe. Darasani tuna Watanzania, Wakenya, Wasudani, Wapakistani, Wathai, na nakuhakikishia hakuna aliyebaki nyuma kwenye basi.

Asubuhi tulianzia Xi Jie, Mtaa wa Magharibi, kwenye kibanda cha mianxianhu. Hizi ni tambi nyembamba mno zinazopikwa kwenye supu ya mifupa na vitu vya baharini mpaka zinavunjika na kuwa nzito kama uji. Mama mwenye kibanda alikuwa anazifikicha kwa kiganja juu ya sufuria, anakoroga, kisha anakutazama usoni akingoja useme unataka nini ndani: chaza, ngisi, utumbo, au nyama iliyolowekwa siki na kukaangwa. Ukishasema anashika mkasi na kukukatia kila kitu juu ya bakuli lako, kwa kasi ambayo ningeogopa kupitisha kidole. Mwisho pilipili manga nyeupe na majani ya kitunguu. Unakula na youtiao, vile vipande virefu vya unga vilivyokaangwa, unachovya. Kundi lililopewa mianxianhu lilimganda yule mama kwa maswali hadi foleni ikaanza kulalamika, naye akawajibu yote huku akikata.

Kutoka hapo tukaenda Msikiti wa Qingjing, barabara ya Tumen. Ulijengwa mwaka 400 Hijria, sawa na 1009. Nyuma ya lango kuna maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe, yanayosema kwamba ulikarabatiwa na Ahmad bin Muhammad, mtu wa Shiraz, mwaka 1310 hivi. Sisi tuliokulia kwenye simulizi za Washirazi wa Kilwa, Pemba na Unguja, hebu fikiria unasimama chini ya tao la mawe Uchina na jina Shiraz liko juu ya kichwa chako. Ukumbi wa swala hauna paa tena. Kuta za mawe zimebaki, na madirisha, na mihrabu, na aya za Qurani zimezunguka. Kuna pia jiwe lenye amri ya mfalme Yongle ya mwaka 1407, akiagiza Waislamu wasibughudhiwe. Hatua chache tu kando yake kuna hekalu la Guan Yu, jemadari wa kale anayeabudiwa na Wachina, ambalo halikauki watu, moshi wa vijiti vya udi unapita juu ya paa hadi uani kwa msikiti. Majirani hao wawili wameishi hivyo miaka na miaka.

Jumba la Makumbusho ya Bahari ndilo lililotuchukulia muda mrefu zaidi. Wana chumba kizima cha mawe ya makaburi ya Waislamu yaliyookotwa hapa mjini, mengi yalitoka kwenye kuta za mji zilipobomolewa. Majina yamechongwa pamoja na miji walikotoka: Shiraz, Isfahan, Tabriz, Bukhara. Mwenzetu mmoja, msichana wa Unguja aliyesoma chuo cha Qurani tangu mdogo, aliombwa na laoshi asome jiwe moja kwa sauti. Alianza kidogo kidogo, herufi zimeliwa na chumvi, anafuata kwa kidole bila kugusa. Lilikuwa na maneno yanayorudiwa kwenye mawe mengi pale: aliyekufa ugenini amekufa shahidi. Wachina waliokuwa wanapita wakasimama kumsikiliza. Laoshi, ambaye ameleta madarasa mengi humo, alimwomba arudie ili arekodi.

Hekalu la Kaiyuan ni la mwaka 686. Pagoda zake mbili za mawe ni za karne ya 13, ya mashariki ina mita 48 hivi, na zilistahimili tetemeko kubwa la mwaka 1604. Watu wengi huishia kupiga picha pagoda. Ninyi mkifika zungukeni nyuma ya ukumbi mkuu: kuna nguzo mbili zenye michoro ya hadithi za Krishna, zilizotolewa kwenye hekalu la Kihindu lililokuwepo mjini enzi za Yuan. Hekalu la Kibudha limebebwa na nguzo za Wahindu, na hakuna aliyeona haja ya kuzifuta zile picha.

Na ndani ya uwanja huo huo wa hekalu kuna merikebu. Ilifukuliwa kwenye tope la Houzhu mwaka 1974. Ni ya mwisho wa enzi ya Song, miaka ya 1270. Kilichobaki kina urefu wa mita 24 na ushei, upana mita 9, na chini imegawanywa vyumba 13 ili ikitoboka upande mmoja isizame yote. Ndani yake walikuta miti ya manukato zaidi ya kilo 2,300, pilipili manga, kauri za bahari (simbi), ubani na ambari. Ubani unatoka Arabuni ya kusini na Somalia. Ambari, wavuvi wa pwani yetu wanaijua kwa jina hilo hilo.

Mahali pa mwisho kwenye orodha yangu ni makaburi ya Lingshan, kilimani mashariki ya mji. Mapokeo ya wenyeji yanasema wamezikwa hapo watu wawili waliotumwa na Mtume wakati wa nasaba ya Tang. Kando ya makaburi kuna jiwe fupi tu, huwezi kulitilia maanani kama hujui. Linasema kwamba mwaka 1417 Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme, akiwa njiani kwenda Hormuz na nchi nyingine za Bahari ya Magharibi, alifukiza udi hapa na kuomba ulinzi. Sasa unganisheni: 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga. Msafara huu wa 1417 ndio uliowarudisha wajumbe wa mataifa, na ndio uliofika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo aliyeomba dua kwenye kaburi lile alikuwa anakuja kwetu. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotakiwa, mpaka kiongozi wa kundi akaja kunichukua.

Chakula cha kundi letu kilikuwa chapati ya chaza, haili jian. Tuliila kijiji cha karibu na Daraja la Luoyang, na hapo laoshi alikuwa na akili sana, maana daraja na sahani ni habari moja. Daraja lilijengwa 1053 hadi 1059, chini ya gavana Cai Xiang, mahali mto unapokutana na bahari, pana tope na mkondo mkali. Walimwaga mawe chini hadi yakawa tuta, wakasimamisha nguzo zenye ncha ya mtumbwi ili zipasue maji, kisha wakapandikiza chaza juu ya mawe. Chaza wakizaana wanajishikiza na kuyagandisha mawe kuwa kitu kimoja. Mabamba ya juu yalielea kwenye vyelezo, maji yakijaa yanainuliwa, yakipwa yanakaa mahali pake. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Ukishuka darajani unakuta kina mama wamekaa wanabanja chaza wa kutoka kwenye tope lile lile. Wanawachanganya na wanga wa viazi vitamu, majani ya kitunguu saumu na yai, wanakaanga kwenye kikaango kipana hadi pembeni pakauke na katikati pabaki laini. Na viazi vitamu? Vililetwa Fujian mwaka 1593 na mfanyabiashara Chen Zhenlong kutoka Luzon, Ufilipino, na Luzon vilifikishwa na Wahispania kutoka Amerika. Karne hiyo hiyo Wareno walikuwa wanaleta mahindi upande wetu. Kwa hiyo sahani moja tu, chaza wa pale pale na wanga uliozunguka dunia.

Karibuni wakuu, waliofika waongeze, wenye maswali waulize.

---

Binti wa Jambiani

Mkuu umeandika kwa moyo, nimesoma bila kuruka. Mimi nauliza la chakula maana ndilo linalotutesa sisi Waislamu huko. Halali inapatikana? Maana nimeona utumbo, nimeona nyama ya siki, nikajua ni ya nani.

Mwanabahari wa Fujian

Dada yangu, ni kweli, nguruwe yupo kwenye vyakula vingi vya Quanzhou. Ile nyama ya siki ni yeye, rouzong (wali wa kunata unaofungwa kwenye majani) ni yeye, na hata chapati ya chaza vibanda vingi vinakaangia mafuta yake. Wenzetu Waislamu walikuwa wanaomba kabla: mafuta ya mimea, kikaango kisafi. Yule mama wa darajani alikubali bila shida, akasugua kikaango mbele yao. Kwa mlo wa uhakika tafuta maduka ya tambi za kuvuta za Lanzhou, yanaendeshwa na Waislamu wa Qinghai na Gansu na yapo karibu kila mji China. Zamani ungeyatambua kwa maandishi ya Kiarabu kwenye kibao cha duka, ila sehemu nyingi yameondolewa, kwa hiyo uliza kwanza.

Na kwa kuwa unatoka Jambiani, kuna kitu chako: shihuagao. Ni jeli ya mwani! Wanachemsha mwani mrefu, wanachuja, unaganda, wanaukuna kuwa nyuzi na kumwagia maji ya asali. Bakuli moja saa ya jua kali linakurudishia roho.

Binti wa Jambiani

Subhanallah. Mama yangu amelima mwani tangu kilimo hiki kinaanza Unguja, mwaka 1989 na kuendelea. Sisi tunaanika, tunafunga magunia, tunauza kwa kilo, mzigo unaondoka. Mwani wetu ni spinosum na kotonii, nadhani huo wao ni aina nyingine, lakini nilichokipenda ni kwamba wanaula wenyewe mtaani. Sasa hivi kina mama wa Paje na kwetu wanatengeneza sabuni, jemu na juisi. Watoto wa shule za huku huku Kusini Unguja wangepelekwa tu pwani na mwalimu akawauliza hayo maswali ya laoshi wako: huu mwani unakwenda wapi, na nani anaula? Hakuna basi la kukodi hapo, ni kutembea kwa miguu.

---

Mzee wa Mzigo

Mleta uzi umenikamata. Mimi nafuata raba Jinjiang kila msimu, mzigo unashuka Kariakoo. Jinjiang iko chini ya Quanzhou hapo hapo. Nashuka uwanja wa ndege, kiwandani, hotelini, narudi. Wenyeji wangu wa Chendai ukoo wao ni Ding, karibu kijiji kizima ni Ding. Kuna historia yoyote huko ya kuangalia kwa nusu siku?

Mwanabahari wa Fujian

Mzee wangu, wewe umekaa juu ya hazina. Ukoo wa Ding wa Chendai ni kizazi cha wafanyabiashara Waislamu waliohamia hapo kutoka mjini Quanzhou karne ya 14. Serikali inawahesabu kuwa Wahui, kabila la China ambalo wengi wake ni Waislamu. Wengi wao leo si Waislamu, ila wakiwatolea sadaka wazee wao waliotangulia hawaweki nyama ya nguruwe. Nyumba yao ya ukoo ipo Chendai, na wamehifadhi historia yao humo. Waambie wenyeji wako wakupeleke, nakuhakikishia watafurahi kuliko ukiwapeleka hotelini. Na hukohuko Jinjiang kuna Cao'an, hekalu dogo la mawe kwenye mlima, lenye sanamu ya Mani iliyochongwa mwaka 1339. Dini ya Mani ilitoka Uajemi na imekufa dunia nzima, sanamu ile imebaki.

Mzee wa Mzigo

Asante sana kijana. Safari ijayo naongeza siku, na naenda na mwanangu wa kidato cha tatu ambaye likizo yake inaangukia hapo.

---

Fundi Historia

Naomba niweke jambo moja sawa, kwa heshima kabisa, maana nyuzi za namna hii huwa zinateleza. Vyombo vya Kichina vipo pwani yetu yote: Kilwa Kisiwani, Shanga, Gede, na pale Kunduchi bakuli zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Kajengwa, Makunduchi, zilifukuliwa sarafu za shaba za Kichina, nyingi za enzi ya Song. Watu wakiona hivyo wanasema "Wachina walikuwa hapa tangu zamani". Hapana. Kwa karne nyingi bidhaa hizo zilipita mikono mingi: zikashushwa India, zikapakiwa upya, zikaja Ghuba au Aden, ndipo zikateremka na kaskazi hadi kwetu. Wachina kuja wenyewe na merikebu zao ni jambo la misafara ya Zheng He mwanzoni mwa karne ya 15, nalo lilikuwa la muda mfupi. Tusiwanyang'anye kazi manahodha wa India, wa Arabuni na wa kwetu.

Pia mleta uzi umewasifia kwa ujirani mwema, sawa, lakini tueleze na upande wa pili. Kati ya 1357 na 1366 askari Waislamu wenye asili ya Uajemi waliasi Quanzhou, mji ukapigana miaka karibu kumi, na mwisho wake wageni waliuawa kwa wingi, makaburi yao yakavunjwa. Ndiyo maana mawe ya makaburi yaliokotwa kwenye kuta za mji. Baada ya hapo nasaba ya Ming ikafunga biashara ya bahari ya watu binafsi, na bandari ikanyong'onyea.

Mwanabahari wa Fujian

Mkuu shukrani, hili lilistahili kuwemo tangu mwanzo. Laoshi alitueleza uasi huo tukiwa mbele ya yale mawe, hakuuficha, na ndipo wanafunzi wengi walipoanza kuandika kwa bidii. Ujenzi na uvunjaji vyote vimo kwenye jiwe moja: upande mmoja jina la marehemu, upande mwingine alama za kupigwa patasi ili litoshe ukutani.

Na la mikono mingi nakuunga mkono asilimia zote. Ile merikebu ya Houzhu yenyewe inakupa ushahidi, maana wengi wa waliochunguza shehena yake wanaona ilikuwa inatoka bahari za kusini mashariki ya Asia. Ubani haukupakiwa Somalia moja kwa moja, ulikuwa umeshabadilisha wenyewe kabla ya kufika chomboni.

---

Mwana wa Matrah

Salamu kutoka Maskati. Naongeza kidogo: mwaka 1991 meli ya Oman, Fulk al-Salamah, ilitia nanga Quanzhou kwenye msafara wa UNESCO uliofuata njia ya bahari kutoka Venice hadi Osaka. Wazee wa hapa waliokuwa mabaharia bado wanaizungumzia ile safari kwa fahari. Wanafunzi wa Kiswahili mlioko huko mkija likizo Oman, pitieni Sur, majahazi yanaundwa kwa mikono mpaka leo.

---

Ticha wa Kilifi

Mimi ni mwalimu wa historia huku Kilifi, na uzi huu umenigusa mahali penyewe. Magofu ya Gede yako mlangoni kwetu, na mwaka 2024 yameingia Urithi wa Dunia. Kila muhula mabasi ya shule yanakuja kutoka kaunti mbalimbali. Wanafunzi wanashuka, wanapangwa mstari, mwelekezi anazungumza, walio nyuma hawasikii. Wanapiga picha na tumbili, wanakula mkate na soda, wanapanda basi. Jioni ukimuuliza mtoto amejifunza nini anakuambia tumbili alimwibia ndizi. Watoto hawana kosa, sisi walimu hatujawapa kazi ya kufanya. Mleta uzi, tafadhali nieleze vile laoshi alivyowaandaa kabla ya safari, na alivyowasahihisha baadaye. Nataka nitumie.

Mwanabahari wa Fujian

Mwalimu shikamoo. Naeleza nilivyoona.

Kabla ya safari hakutupa historia yote. Alitupa ramani ya mji isiyo na majina ya majengo na akatuambia tutayajaza wenyewe. Alitufundisha sentensi chache za adabu za kumwanza mzee wa mtaani, na alisisitiza ununue kitu kwanza ndipo uulize. Makundi yalikuwa ya watu wachache, kila mmoja ana kazi: mmoja anauliza, mmoja anaandika, mmoja anachora. Kuchora ndiko kulikonishangaza. Ukilazimika kuchora nguzo unaiona, ukiipiga picha unaondoka.

Walimu wengine wangeweka chakula mwisho kama zawadi. Yeye alikichanganya na kazi. Kundi lililopewa tusundong, jeli ya minyoo ya baharini, wengi wao waliapa hawataigusa. Muuzaji akawaonyesha minyoo wakisafishwa mchanga, wakichemshwa, na yale maji yakiganda yenyewe bila kuongezwa kitu, kisha yanaliwa baridi na siki, kitunguu saumu na pilipili. Waliokula walikula, wasiokula hawakulazimishwa, lakini wote waliweza kueleza kwa nini inaganda.

Kusahihisha: kila kundi lilisimama mbele ya darasa likiwa na mchoro wake, na kundi jingine ndilo lililouliza maswali. Alama nyingi zilienda kwa "nani amekuambia?" Ukisema tu "nimesikia", hupati kitu.

Ticha wa Kilifi

Marahaba. Basi kwa Gede nitaanza na lile kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399. Nina wanafunzi wa madrasa darasani, watasoma tarehe wenyewe badala ya kuambiwa na mwelekezi. Kisha visima, kisha msikiti mkuu. Shida yangu ni chakula. Gede hakuna mtaa wa vibanda kama huo wenu.

Binti wa Jambiani

Ticha, pilau. Kijiji kipo hapo hapo nje ya magofu, ongea na kina mama mapema wawapikie. Mchele, iliki, pilipili manga, mdalasini, karafuu, bizari. Kila kundi lipewe kiungo kimoja likafuate kilikotoka.

Fundi Historia

Na karafuu iwe mtego mzuri. Watoto watajibu Unguja moja kwa moja, kumbe asili yake ni visiwa vya Maluku, na mashamba ya Unguja na Pemba ni ya karne ya 19. Mtu wa Gede ya 1399 hakuwa na shamba la karafuu jirani. Waache wabishane wao kwanza.

Ticha wa Kilifi

Nimeandika yote. Naongea na mkuu wa shule Jumatatu, na kina mama wa kijijini wiki hiyo hiyo. Mwanabahari, nitumie ule mfano wa ramani tupu inboksi nione alivyoichora.

Mwanabahari wa Fujian

Nimeshatuma mwalimu. Kwa Gede chora ukuta wa nje, malango na visima tu, msikiti na jumba la mfalme viache wazi. Na bakuli za Kichina zilizopo kwenye makumbusho ya hapo hapo, wape kundi lenye wachoraji wazuri.